Sauti na Jedwali: Kuisoma Fani ya Mpango wa Msitu Cabo Delgado

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Msumbiji, Sheria Na. 19/97, kinaeleza namna mtu anavyoweza kuthibitisha haki yake juu ya ardhi. Njia ya kwanza ni hati. Njia ya pili ni ushahidi unaotolewa na wanajamii wa mahali hapo, na katikati ya sentensi hiyo mwandishi wa sheria akachomeka kwamba wanajamii hao ni wanaume na wanawake. Njia ya tatu ni uchunguzi wa wataalamu na mbinu nyingine zinazokubalika kisheria. Sentensi ingekamilika bila nyongeza ile ya wanaume na wanawake. Kuwepo kwake ndiko kunakonifanya niisome sheria hii kama ninavyosoma kazi yoyote iliyopimwa neno kwa neno. Imeamua nani atasema, na imempa zamu yake kabla ya mtaalamu.

Mpangilio huohuo umo katika kifungu cha 12. Ardhi yote ya Msumbiji ni mali ya dola. Haiuzwi wala haiwekwi rehani. Anachokuwa nacho raia ni haki ya kuitumia na kunufaika nayo, ile inayoitwa DUAT kuanzia Maputo kusini hadi Palma kaskazini. Kifungu kinataja milango mitatu ya kuipata. Wa kwanza ni wa jamii zinazokaa kwa kufuata mila zao. Wa pili ni wa raia aliyeitumia ardhi kwa nia njema kwa miaka 10 au zaidi. Wa tatu, wa mwisho, ni wa mwombaji anayepeleka maombi serikalini. Kampuni na mwekezaji wanaingilia mlango huo wa tatu. Kisha kifungu cha 13 kinaongeza kwamba kukosa hati hakumnyang'anyi haki yake yule aliyeingia kwa mlango wa kwanza au wa pili. Kwa mtu wa Quiterajo au wa vijiji vinavyouzunguka mji wa Mocímboa da Praia, katika mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa nchi, ambaye babu yake alizikwa palepale alipopanda minazi, hii ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika sheria hiyo.

Habari ya kodi inakuja baadaye, na imeandikwa kwa ufupi. Mwenye DUAT hulipa ada ya kila mwaka. Kifungu cha 29 kinawaondolea mzigo huo dola na taasisi zake, vyama vyenye manufaa kwa umma, kilimo cha kifamilia, jamii za mahali pamoja na watu wake, na ushirika mdogo wa wakulima. Hakuna mpango wowote wa usimamizi unaodaiwa kwanza ili kupata msamaha huo. Tulinganishe na jimbo la Vermont, Marekani. Huko, tangu mwaka 1978, mwenye msitu wa ekari 25 au zaidi anaweza kutozwa kodi kwa thamani ya matumizi ya ardhi badala ya bei ya soko, alimradi awe na mpango wa usimamizi uliokubaliwa na kufanywa upya kila miaka 10. Mpango wa Vermont ni ahadi ya mtu mwenye ardhi, na malengo yake mwenyewe ni sehemu ya maandishi hayo. Nafsi ya kwanza imo ndani hata pale sentensi zinapokauka.

Cabo Delgado mambo yamegawanyika. Familia imesamehewa ada ya ardhi, na jamii inaruhusiwa kutumia mazao ya msitu kwa mahitaji yake yenyewe bila kulipa chochote: kuni, nguzo za nyumba, dawa, asali. Siku watu haohao wakitaka kuuza gogo la mpingo, wanaingia katika utaratibu mwingine kabisa, ule ambao kabla ya sheria mpya ya 2023 ulikuwa wa Sheria ya Misitu na Wanyamapori Na. 10/99 na kanuni zake za mwaka 2002: leseni, au konsesheni iliyoweza kudumu hadi miaka 50, na mpango wa usimamizi wa kuisindikiza. Msamaha unaishia pale fedha inapoanza. Na hapohapo ndipo fani ya maandishi inapobadilika.

Mpango wa usimamizi wa msitu una muundo unaofahamika. Hufungua na mahali, mipaka, hali ya hewa, udongo. Hufuata sura ya hali ya kijamii na kiuchumi, ambamo wakazi wanaelezwa kwa idadi, kabila, mazao na umbali wa zahanati. Halafu inakuja hesabu ya miti, na kuanzia hapo majedwali yanatawala: spishi, madaraja ya vipenyo, ujazo, kiasi kinachoruhusiwa kukatwa kwa mwaka, ramani ya vitalu vitakavyovunwa kwa zamu. Vitenzi viko katika kauli ya kutendwa. Miti itavunwa, barabara itafunguliwa, moto utadhibitiwa. Jamii itashirikishwa. Katika sentensi hiyo ya mwisho jamii ndiyo kiima cha kisarufi, lakini haitendi lolote. Aliyeshika kitendo hatajwi.

Tuusome mstari mmoja wa jedwali la namna hii, mstari wa mpingo. Safu ya kwanza ni jina la Kilatini, *Dalbergia melanoxylon*. Ya pili ni jina la kibiashara la Kireno. Ya tatu ni daraja la thamani, na hapa mpingo umo katika lile la juu kabisa. Zinafuata safu za vipenyo, kisha ujazo wa gogo linalofaa soko. Safu hii ya mwisho ndiyo inayosema zaidi. Mpingo hukua kwa kujipinda, huchukua miaka 70 au zaidi kufikia umbo la kukatwa, na mara nyingi una mashimo na nyufa. Mtengenezaji wa klarineti au obo anatafuta kipande safi kilichonyooka, kwa hiyo sehemu kubwa ya mti haifiki kwenye hesabu. Fundi Mmakonde anautazama mti huohuo kwa jicho jingine, maana tawi lililopinda ndilo linalompa bega la sanamu. Kwake hakuna safu. Jedwali limekwisha kuchagua msomaji wake, naye hakai Mueda wala Palma.

Mstari wa chini kabisa huwa wa spishi nyinginezo. Mwaka 2008 na 2009 wataalamu wa mimea, wakiwemo wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, walipita katika misitu ya pwani ya Palma na Quiterajo wakakuta mimea ambayo sayansi ilikuwa haijawahi kuiandika. Karibu yote haina bei. Utajiri unaoipa pwani ile upekee wake duniani unaingia katika neno moja mwishoni mwa ukurasa.

Sheria ya ardhi nayo ina maandishi yake ya kiufundi, na haya ndiyo yanayonishawishi kwamba ukavu wa mpango wa msitu si jambo lisiloepukika. Kiambatisho cha mwaka 2000 kinaeleza namna ya kuweka mipaka ya ardhi ya jamii. Watu wanaitwa na kuarifiwa. Wanachora ramani zao wenyewe kwa makundi, wanawake wakichora kwao na wanaume kwao, kisha ramani zinalinganishwa hadi ipatikane moja. Mtaalamu anatengeneza mchoro na maelezo yake. Baada ya hapo kazi inarudishwa mbele ya jamii na majirani zake, inasomwa na kujadiliwa kabla ya kuingizwa katika daftari la taifa la ardhi. Hatua hii ya kurudisha naiona kuwa ubunifu mkubwa wa fani. Maandishi hayahesabiwi kuwa yamekamilika mpaka waliosemwa ndani yake wayasikie. Katika konsesheni mashauriano hufanyika mwanzoni, wakati wa maombi, na muhtasari husainiwa. Majedwali huja baadaye, na waliosaini hawayaoni.

Ng'ambo ya mto Ruvuma kuna njia nyingine. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake wa hifadhi, kuandika mpango na sheria ndogo, na kubaki na mapato ya mazao yake bila kutoa mrabaha kwa serikali kuu. Hapa mpango na nafuu ya tozo vimefungwa pamoja kama Vermont, ila mwenye msitu ni kijiji. Kilwa, ambako Kikole na vijiji jirani vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa mpingo wao, nyaraka hizi zimepita katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, na ndani yake kuna mtendaji mwenye cheo: kamati ya maliasili ya kijiji. Majedwali yamo pia, na wataalamu wa nje walihitajika kuyajaza. Hata hivyo anayekata, anayelinda na anayetoza faini anatajwa. Sentensi ina mtu.

Upande wa Msumbiji, chini ya kanuni za mwaka 2002 fungu la jamii lilikuwa asilimia 20 ya ada za uvunaji, na mwongozo wa mwaka 2005 ulidai kamati iliyosajiliwa na akaunti ya benki. Kisha vikaja vita vya uasi Cabo Delgado. Mji wa Mocímboa da Praia, ulioshambuliwa kwa mara ya kwanza tarehe 5 Oktoba 2017, ulikuwa mikononi mwa waasi kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021. Palma ilivamiwa Machi 2021. Wajumbe wa kamati walitawanyika Pemba, Metuge, Montepuez. Wengi walipoteza vitambulisho. Jedwali la miti halikimbii vita. Takwimu zilizokusanywa kabla ya 2017 zinabaki halali kwenye karatasi, hata kama kijiji kilichotajwa katika sura ya hali ya kijamii kimehama chote.

Hapa naona hatari inayozikabili hata sentensi nzuri za mwaka 1997. Ushahidi wa wanaume na wanawake unaokoa haki ya aliyeunguliwa na makaratasi, lakini unahitaji mashahidi waishi jirani, wakumbuke mpaka mmoja, waitikie wakiitwa. Wanaorudi sasa wanakuta mashamba yamegeuka vichaka, na vichaka hivyo vinaweza kusomwa kama msitu usio na mtu na yeyote anayekuja na fomu. Mwishoni mwa 2023 nchi ilipata sheria mpya ya misitu, Na. 17/2023, na sheria mpya huzaa kanuni na fomu mpya. Wanaoziandika hawana haja ya kutafuta mfano ng'ambo. Hatua ya kurudisha iliyomo katika kiambatisho cha mwaka 2000 inaweza kuingizwa katika mpango wa msitu kama ilivyo: majedwali yasomwe kijijini, kwa Kimwani, Kimakonde au Kiswahili, mstari kwa mstari, pamoja na ule wa spishi nyinginezo, na wanawake wachore ramani yao kabla kitalu cha kwanza hakijapewa namba.