Mnyoo Mwekundu wa Gapi na Dawa Inayompoozesha

Gapi, samaki mdogo wa mapambo, akitulia, nyuzi mbili tatu nyekundu huchomoza kwenye tundu lake la haja. Akishtuka na kuogelea, zinarudi ndani. Ni minyoo aina ya Camallanus cotti, na wekundu wake unatokana na damu ya samaki mwenyewe. Mfugaji akishaiona, mbio zake za kwanza ni duka la dawa, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Dawa tatu zinazoingizwa mara nyingi kwenye matangi ya samaki wa mapambo si ngeni kwa watu wa Afrika Mashariki. Kuna metronidazoli, yaani Flagyl ya tumbo la kuhara. Kuna prazikwanteli, dawa ya kichocho. Na kuna levamisoli, ambayo watoto wengi waliimeza kwa jina la Ketrax. Mbili za kwanza hazimfanyi kitu mnyoo huyu. Metronidazoli huua vijidudu vya seli moja, kama Spironucleus vortens anayekaa tumboni mwa samaki malaika. Prazikwanteli ni ya tegu na minyoo bapa. Camallanus ni mnyoo duara. Ukimpa Flagyl wiki nzima, utakuwa umepoteza wiki nzima.

Ndiyo maana wakati minyoo haijachomoza nje, hadubini ina thamani kuliko rafu nzima ya dawa. Kinyesi kinyonywe kingali kibichi, kiwekwe kwenye kioo na tone la maji ya tangi, kisha kitazamwe mara moja, kwa sababu vijidudu vya seli moja vikishakufa havitambuliki tena. Vikiwa hai huonekana vikikimbia huku na huko. Viluwiluwi vya mnyoo duara hujinyonganyonga palepale.

Mnyoo huyu alielezwa kwa mara ya kwanza na Fujita, nchini Japani, mwaka 1927. Biashara ya samaki imemsambaza mbali na kwao Asia. Huko Hawaii, ambako gapi waliletwa mwaka 1922 ili wale viluwiluwi vya mbu, watafiti wamemkuta baadaye hata ndani ya samaki wa asili wa vijito vya visiwa hivyo.

Kwa kawaida mzunguko wake unahitaji kopepodi, viduduchembe wa majini walio jamii ya kamba: jike la mnyoo huzaa viluwiluwi hai, kopepodi huvimeza, samaki humla kopepodi. Kwa hesabu hiyo, tangi lisilo na kopepodi lingepaswa kujisafisha lenyewe. Halijisafishi. Mwaka 2002 Levsen na Jakobsen walionyesha kwamba viluwiluwi vinaweza kuingia moja kwa moja kwa gapi bila mpatanishi yeyote. Kwa hiyo hakuna maana ya kumtenga samaki mmoja mwenye nyuzi na kuwaacha wenzake. Linalotibiwa ni tangi zima.

Levamisoli haimchomi mnyoo wala kumyeyusha. Hushika vipokezi vya neva kwenye misuli yake, vilevile ambavyo nikotini huviamsha, misuli ikakakamaa na mnyoo akashindwa kujishikilia kwenye ukuta wa utumbo. Samaki humtoa pamoja na kinyesi. Kwa kuwa mnyoo aliyepooza si lazima awe amekufa, na jike huenda bado amejaa viluwiluwi, sakafu ya tangi inyonywe kwa mpira kabla samaki hawajaanza kudonoadonoa.

Kipimo kinachotumiwa sana ni miligramu 2 kwa kila lita ya maji, kwa saa 24. Hesabu hii huharibiwa na kioo. Tangi la sentimita 100 kwa 40, lenye kimo cha 50, huuzwa kama la lita 200. Lakini maji yakiwa sentimita 40 tu juu ya changarawe, ni lita 160, yaani miligramu 320, sawa na vidonge vinane vya miligramu 40. Mkaa utolewe kwenye chujio, la sivyo utainyonya dawa. Taa zizimwe, maana mwanga huiharibu. Pampu ya hewa iendelee.

Levamisoli ya maji inayouzwa kwa ajili ya mbuzi inavutia mfuko, kwa kuwa ni rahisi kupatikana, ila lebo isomwe kwa makini. Baadhi zimechanganywa na oksiklozanaidi, ya kuua minyoo ya ini. Hiyo ni ya ukoo mmoja na niklosamidi, kemikali ambayo Amerika Kaskazini huitumia kuulia samaki waharibifu kwenye Maziwa Makuu yao. Hilo si jambo la kujaribia ndani ya tangi.

Baada ya saa 24 sehemu kubwa ya maji hubadilishwa na mkaa mpya kurudishwa. Wiki mbili hadi tatu baadaye dozi hurudiwa, kuwanasa walioponyoka wakiwa viluwiluwi. Gapi wachache hufa hata minyoo ikishatoka: kila ilipong'ata imeacha kidonda kwenye utumbo, na bakteria hupenya hapo.