Ngamia wa Mti: Anza na Miguu

Nimemwona ngamia wa kuchonga sebuleni mwa watu Nairobi, amewekwa juu ya kabati la vioo, wageni wanampiga picha na kumwita kazi safi ya Garissa. Alikuwa farasi aliyebandikwa nundu. Bei aliyouziwa mwenyeji siijali. Kinachoniuma ni kwamba huku kwetu fundi anayeijua kazi anakaa na mzigo wake juani, kwa sababu wanunuzi wamezoea kusifu vanishi.

Mnunuzi hutazama nundu, kisha shingo, kisha kope, halafu anatoa pesa. Miguu haitazami kamwe, na ubora wote umo humo. Ngamia akitembea, mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja huenda pamoja: ya kulia yote miwili ikiwa mbele, ya kushoto yote miwili iko nyuma, kisha inabadilishana. Ndiyo sababu aliyempanda huyumba kama abiria wa jahazi. Farasi akienda matiti ni kinyume, mguu wa mbele wa kulia huinuka pamoja na wa nyuma wa kushoto. Kosa hili lina asili yake: uchongaji wa biashara nchini Kenya ulikulia Ukambani, kule Wamunyu, na husimuliwa kwamba Mutisya Munge aliuleta kutoka Tanganyika baada ya kuwaona Wamakonde wakichonga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni mikono hodari, ila imezoea pundamilia na wanyama wengine wa kuuzia watalii. Akiagizwa ngamia, fundi wa namna hiyo humpa miguu ya mshazari bila hata kufikiri.

Mzee mmoja aliyekuwa akichonga karibu na soko la mifugo la Garissa hakushika tezo kabla hajatazama ngamia wakiondoka sokoni. Alisimama nyuma yao, si ubavuni. Ukiwa nyuma unaona uzito wote ukihamia upande mmoja na nyonga ikishuka, na ngamia wake walishuka nyonga vilevile. Ulimtambua aliyetoka mkononi mwake hata bila kuona kichwa.

Mjanja mwingine alipojua kwamba miguu inamuumbua, akaanza kuchonga ngamia waliolala tu. Lakini hao nao wana mtihani wao. Ngamia akilala hutua kwenye sugu ya kifuani, ile inayotokeza nyuma ya miguu ya mbele. Mgeuze umtazame chini. Ukikuta tumbo laini lililopigwa msasa, mrudishe.

Mti uwe mathenge mkavu au mwarobaini. Mpingo haumfai ngamia. Tena mara nyingi huo mpingo ni mti mweupe uliosuguliwa rangi ya viatu. Lowesha kitambaa cheupe, futa katikati ya mapaja, utajua. Kimo kisizidi shubiri; akizidi hapo anapoteza uhai.

Halafu kuna hadithi yake: nani ni nani katika msafara, na nani hubeba nini. Wenzetu wa Uingereza hawalifanyii mzaha jambo hili. Games Workshop, kampuni ya Nottingham, imetoa mchezo wa sanamu ndogo za vita vya kubuni wa Warhammer tangu 1983, na wachezaji wake husoma vitabu vizima kujua jeshi lipi ni la nani na ngao ipi hupakwa rangi gani. Hayo ni majeshi ambayo hayajawahi kuwapo. Sisi tuna msafara wa kuhama ambao mama zetu waliupakia wenyewe, na bado tunakubali uchongwe ovyo.

Mbeba nyumba ni awr, kwa Kisomali ngamia dume wa mizigo. Anayechonga kiwele chini ya mzigo wa aqal, ile nyumba ya kuhamishwa, hajawahi kuhama. Herio, mikeka ya kutandika, hutangulia mgongoni, miti iliyopinda ya nyumba hufungwa juu yake ikachomoza, vyombo vya maji na maziwa huning'inia ubavuni, na juu kabisa hukaa mtoto au mwana-mbuzi. Anayeshika kamba mbele ni mwanamke. Alama ya ukoo huchomwa kwa waya wa moto, na fundi mwenyeji anajua mahali pake. Asiyejua huchora maua.

Zamani seti nzima ya msafara ilitoka kwa mkono mmoja, kila mnyama na tabia yake, alama za tezo zikibaki ubavuni. Sisi watoto tulitumia mawe mchangani, refu awr, dogo ndama, na hakuna aliyekosea nani anamfuata nani. Msasa wa mashine umewafanya wote sura moja.

Kabla hujanunua, pita soko la mifugo, simama nyuma ya ngamia anayeondoka, mtazame mpaka hatua yake ikukae kichwani. Kisha ukimpata fundi aliyepatia miguu na sugu, mlipe bei aliyoitaja. Usimwombe apunguze.