Fundi Pampu na Moshi Mweusi

Lori la dizeli likipandisha kutoka bandarini Kigoma kwenda Mwanga, limeshiba magunia ya dagaa na madumu ya mawese, moshi wake hulisema kabla dereva hajafungua mdomo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ringi zimechoka, au turbo inavujisha. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyowaka vizuri, au maji yanayopenya kwenye silinda. Mweusi ndio wa kila siku. Maana yake dizeli imeizidi hewa, au inaingia kwa matone mahali palipotakiwa ukungu.

Huo mweusi ndio unaoyafelisha malori ya zamani yanapopimwa. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007. Kule Uingereza, gari likiwa halimo kwenye gia, mpimaji hukanyaga mafuta hadi mwisho, na mashine hupitisha mwanga ndani ya moshi kuona umezibwa kiasi gani. Lori la zamani lisilo na turbo likizidi 2.5 kwenye mashine hiyo limefeli, lenye turbo linaruhusiwa hadi 3.0. Kabla ya mashine hizo, Mfaransa Maximilien Ringelmann alikuwa ameshatunga kadi yake mwaka 1888: vivuli kutoka cheupe hadi cheusi, mtu anasimama mbali na kulinganisha moshi kwa jicho. Fundi pampu hana kadi. Vivuli vyake amevipata kwa miaka ya kusimama nyuma ya mabomba.

Fundi mzuri haanzi na pampu. Anaanza na chujio la hewa, kwa kuwa gari lililokula vumbi la barabara za huku linaweza kufuka moshi huku pampu yake haina kosa lolote. Kisha injini ikiunguruma taratibu, analegeza nati ya bomba la dizeli la silinda ya kwanza, anasikiliza, anakaza. Anakwenda ya pili. Silinda nzima ikikatiwa mafuta, mlio wa injini huyumba. Isipoyumba, mgonjwa amepatikana. Utingo aliyetegemea kuona injini yote imemwagwa chini anabaki kushangaa spana moja tu imetumika.

Nozeli ya silinda hiyo ikishatoka, inafungwa kwenye pampu ya mkono yenye geji. Fundi anasukuma wenzo polepole. Kwa injekta nyingi za malori ya kizamani, nozeli inatakiwa ifunguke kwenye presha ya baa 200 hivi, itoe ukungu mwembamba uliosambaa sawasawa, na ikwaruze kwa mlio mkavu. Halafu anashusha presha chini kidogo ya hapo, anaishikilia na kutazama ncha. Ncha ikilowa na kudondosha tone kabla ya sekunde kumi, nozeli haijafunga. Ikiwa inafunga lakini inafunguka mapema, anaongeza kibati chembamba juu ya springi: unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita hupandisha presha kwa takriban baa 10. Anafungua, anafunga, anapima tena. Kazi ya silinda sita inaweza kula asubuhi nzima, na hakuna anayemharakisha.

Ndani ya pampu ya dizeli yenyewe ndiko heshima ya kazi hii ilipo. Kila silinda ina elementi yake: kijiti cha chuma ndani ya ala yake, na nafasi kati yao ni mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu hufika mikroni 70. Vilisagwa pamoja, kwa hiyo kijiti cha namba tatu hakihamii kwenye ala ya namba nne hata vikifanana kama mapacha. Fundi anavisuuza kwa dizeli safi, hapangusi kwa tambara lenye nyuzi, wala hagusi uso uliosagwa kwa kidole kikavu. Kisha anainamisha ala, anavuta kijiti nje kidogo na kukiachia. Kinatakiwa kiteleze chenyewe, kwa uzito wake, bila kukwama wala kukimbia.

Ziwa Tanganyika linajua faida ya kukilinda chuma namna hii. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao Goetzen isiangukie mikononi mwa adui, mafundi walizipaka injini grisi nzito kwanza. Meli iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Pampu ikirudi mahali pake, hubaki mtihani ambao hauna spana. Dereva anasogea.

"Shikamoo, mzee. Niongezee mafuta kidogo, mlima wa kwenda Kasulu unanitesa."

"Marahaba, mwanangu. Mlima nitakupa, moshi sikupi."

Skrubu ya kikomo cha dizeli iko hapo, mizunguko miwili tu na lori linapata nguvu za kijana. Lakini uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kasulu iko juu zaidi, hewa yake nyepesi. Kipimo kilichojazwa hadi ukingoni huku chini kitakuwa kimezidi kule juu, na ziada yote hiyo ni dizeli iliyolipiwa shilingi ikatoka bombani. Wapo wanaoikaza skrubu siku ya ukaguzi na kuifungua kesho yake. Huyu anaiweka pale injini inapovuta mzigo na moshi ukabaki kivuli chepesi, kisha anapitisha waya na kuubana kwa risasi ili mkono mwingine ukiigusa ajue.

Mkaguzi ana siku yake moja na lori hilo. Fundi anataka kuliona wiki ijayo, likirudi na chumvi ya Uvinza, aangalie bomba likiwa limebeba tani zake zote.