Heko, Fundi wa Bodi

Mwaka 1998 Subaru ilitoa Impreza 22B, magari 400 tu kwa soko la Japani, yakanunuliwa upesi. Ukiona moja ikipita Nairobi, ambako watu waliipenda Impreza tangu Colin McRae aliposhinda nayo Safari Rally ya 1997, yaelekea ni kazi ya fundi wa bodi. Namvulia kofia.

Huanza na Impreza ya kawaida ya milango miwili. Kufunga bawa la nyuma na rimu za rangi ya dhahabu, hata mwanagenzi aweza. Kazi iko kwenye madigadi: 22B ni pana, kwa hiyo bati hukatwa, vipande vipana huchomelewa, fila hupakwa na kupigwa msasa mpaka kiganja kisihisi kiungo. Ndipo buluu ipulizwe. Injini mara nyingi hubaki ya lita 2, si 2.2. Sioni udanganyifu hapo, mradi muuzaji aseme kweli.

Huku Aru, Kongo, ambako dereva anayetoka Arua, Uganda, hubadili upande wa barabara mpakani, ufundi huohuo hufufua Toyota zilizochakazwa na barabara ya Bunia.