Mabinti Uwanjani: Tumewakataza au Tumewatupa?

Yapo mambo ambayo tukiyazungumza barazani huishia kwenye kicheko, na moja katika hayo ni mpira wa miguu wa wanawake. Atatokea mmoja aseme ni haramu, mwengine aseme dunia imekwisha, kisha kahawa itazunguka na maneno yatahamia kwenye bei ya samaki. Ndugu msomaji, leo tunaomba tusihame upesi.

Mashindano tunayoyakusudia ni yale ya timu za taifa za wanawake za Afrika Mashariki na Kati, yanayosimamiwa na CECAFA. Wengi wetu hudhani ni jambo jipya, limekuja na televisheni za siku hizi. Sivyo hata kidogo. Mara ya kwanza yalichezwa mwaka 1986, tena hayakuchezwa Kampala wala Nairobi, yalichezwa Zanzibar. Kisha yakalala miaka 30. Wanaume muda wote huo walikuwa na Kombe lao la Challenge, lililoanza 1973 na likichezwa karibu kila mwaka. Ya wanawake yalifufuliwa Septemba 2016 huko Jinja, Uganda, na Tanzania Bara wakalichukua kombe kwa kuwafunga Kenya 2-1. Bara wakalichukua tena 2018 mjini Kigali. Mwaka 2019 yalichezwa Dar es Salaam, na Kenya wakalipa kisasi kwa 2-0 mbele ya wenyeji. Mwaka 2022 Uganda wakalibakisha kwao, wakiwafunga Burundi 3-1.

Na Zanzibar, mwenyeji wa mwanzo? Walikwenda 2016, wakenda 2019, wakenda 2022, na mara zote tatu hawakuvuka hatua ya makundi. Kigali 2018 hawakuwamo. Wafungwapo, kicheko cha barazani huwa kikubwa zaidi: "Si tulisema?" Lakini tulisema nini? Yule aliyesema haramu hakusema tena, aligeuza uso. Na yule asiyeona uharamu hakuchangia hata jozi ya viatu. Binti akaenda uwanjani akiwa kati ya wawili hao, hana anayemzuia kwa hoja wala anayemsaidia kwa mali, halafu matokeo yake tukayafanya hadithi ya kuchekea.

Wanaume wa visiwani walipofika fainali ya Challenge mwaka 2017 kule Machakos, wakashindwa na Kenya kwa mikwaju ya penalti, walipokewa kama washindi. Hatuwaonei choyo, tangu lile kombe la 1995 Zanzibar haijalitia mkononi jengine. Tunalotaka msomaji aliangalie ni hili: Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na CAF iliipa uanachama Machi 2017 ikauondoa Julai ya mwaka ule ule. Kwa hiyo mlango ambao Mzanzibari, mwanamume au mwanamke, huuingia kwa jina la Zanzibar mbele ya mataifa ya jirani ni huu wa CECAFA. Ulipofungwa kwa wanawake miaka 30, hawakuwa na wa pili. Hapo waendeshaji wa mashindano wanastahiki lawama kabla ya mabinti.

Sasa tuje kwenye mavazi, maana najua msomaji ameshalitaja moyoni. Ni kweli kwamba kwa miaka kadhaa sheria za mpira zenyewe zilikuwa dhidi ya binti wa Kiislamu. Mwaka 2007 wakuu wanaotunga sheria za mchezo walisimama upande wa refa aliyemzuia msichana mdogo huko Canada kucheza na ushungi. Juni 2011 wanawake wa Iran walizuiliwa kucheza na Jordan mjini Amman, mechi ya kutafuta nafasi ya Olimpiki, kwa sababu ya vazi la kichwa. Lakini Machi 2014 ruhusa ikatolewa rasmi, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza Kombe la Dunia na hijabu yake. Mikono mirefu inaruhusiwa. Suruali ya kubana chini ya bukta inaruhusiwa, ingawa mtu anaweza kusema kuwa cha kubana si sitara. Kwa hiyo anayesema leo kwamba mpira unamlazimisha binti kuvua, anazungumzia sheria iliyokwisha. Ama akiona timu yetu inatoka na sare isiyositiri, na aulize nani aliyeshona sare ile na kwa fedha za nani. Mafundi cherehani hatuna uhaba nao.

Lililo zito zaidi ni watazamaji. Hapa masheikhe wetu wengi wanasema mwanamke kukimbia na kuruka mbele ya wanaume wasiokuwa maharimu haifai, na neno lao si la kupuuzwa. Wanaowajibu huleta habari ya Bibi Aisha (R.A.) kushindana mbio na Mtume (S.A.W.), akashinda yeye mara ya kwanza, na mara ya pili, mwili ulipokwisha kunenepa, akashindwa. Habari hiyo ni sahihi na ni tamu. Lakini tuisome yote: walikuwa safarini, na Mtume (S.A.W.) aliwataka watu watangulie mbele kwanza, ndipo wakashindana. Basi inafundisha mambo mawili kwa pamoja. Mwanamke kuutumikisha mwili wake kwa mchezo si aibu, na mchezo ule ulitafutiwa sitara yake. Anayechukua nusu ya kwanza akaiacha ya pili, na anayechukua ya pili akaiacha ya kwanza, wote wamepunja mizani.

Na tukishafika hapo tusisahau kwamba katika Surat Nnur amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume, aya ya 30, kabla ya wanawake katika aya ya 31. Katika maneno ya barazani aya hizi huanza kusomwa kutoka ya pili.

Je, sitara hiyo yawezekana kwenye mpira wa mashindano? Mwaka 1993 Tehran iliandaa michezo ya wanawake wa nchi za Kiislamu, watazamaji wakawa wanawake, na michezo hiyo ikarudiwa zaidi ya mara moja. Hatusemi CECAFA itafunga milango ya uwanja kwa ajili yetu. Lakini ligi ya nyumbani, mazoezi, mashindano ya skuli, haya yako mikononi mwetu. Siku moja ya wiki ya uwanja kwa wanawake, walimu wanawake, marefa wanawake, mama na shangazi jukwaani na makapu yao ya maandazi: nani katika wazee wa mitaa amekwenda kuliomba hilo akanyimwa?

Wageni, kwa upande wao, hawakungoja. Mwaka 2007 Florence Ayisi, mtengenezaji filamu mzaliwa wa Cameroon, alitoa filamu iitwayo Zanzibar Soccer Queens juu ya timu ya Women Fighters ya Unguja. Watu wa nchi za mbali wamekaa wakawasikiliza mabinti hawa na kujua wanafikiri nini. Wangapi kati yetu, tunaoishi nao mtaa mmoja na kuwapita njiani alasiri wakirudi mazoezini, tumewahi kuwauliza?

Nimebakisha jambo ambalo kwangu ndilo lililouma kuliko yote, nalo halikutajwa na wacheshi wala na wakali. Michuano ile ya 2016 ilianza tarehe 11 Septemba ikamalizika tarehe 20. Idi Kubwa ya mwaka ule iliangukia mwanzoni mwake kabisa. Yaani mabinti wa Zanzibar, nchi ambayo karibu wakazi wake wote ni Waislamu, waliipokea Idi ya Mfunguo Tatu wakiwa Uganda, katikati ya ratiba ya mechi. Mwezi huandama kwa kuonekana, sawa. Lakini tofauti ni ya siku moja, na kalenda hujulikana miaka mbele. Waliopanga ratiba wangaliweza kusogeza wiki moja. Sisi nasi, jumuiya zetu zote zenye mihuri na viti vya mbao, tungaliweza kuandika barua moja ya kuomba. Na barua ikikataliwa, kulikuwa na la pili: kuwapeleka mama wawili watu wazima wafuatane nao, wajue mahali pa kuswalia Idi, wawapikie pilau, wakae nao usiku kambini, na wawe macho juu ya kila mwanamume aliyepewa madaraka juu ya wasichana wale.

Kambi nyengine zitaitwa. Majina ya wachezaji yatatangazwa redioni kama kawaida. Wazee wa kila mtaa wenye binti katika orodha hiyo wana nafasi ya kwenda kuuliza mapema nani anafuatana nao, wanalala wapi, na mechi zinaangukia mwezi gani wa Hijria.