Mfasiri wa Sinema katika Ugogo

Historia ya sinema katika Tanzania imekwisha kupata mwandishi wake hodari. Kitabu cha Laura Fair, Reel Pleasures, kilichotolewa mwaka 2018, chaeleza kwa mapana jinsi majumba ya sinema yalivyojengwa na kupendwa, tangu jumba la Royal lililofunguliwa Unguja mwaka 1921. Lakini mwandishi mwenyewe ameutaja mpaka wa kazi yake katika jina la kitabu: ni sinema ya mijini. Msomaji atakaye kuijua sinema ya mashamba, kama ile ya uwanda wa juu wa Dodoma, hana budi kuvirudia vitabu vya zamani, navyo vyahitaji kusomwa kwa hadhari.

Reli ya Kati iliipitia Dodoma kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mji ukakua kandokando ya stesheni. Mbali na reli, Wagogo walikaa katika matembe yaliyotawanyika, kila moja na zizi lake na shamba lake la mtama. Katika nchi ya namna hiyo jumba la sinema lisingeweza kupata riziki. Sinema ya mashamba ni ile iliyokuja kwa gari wakati wa kiangazi, na mashine yake, na kitambaa chake cheupe, na mtu wa kuisemea. Mtu huyo wa mwisho ndiye aliyesahauliwa na wahakiki.

Kitabu cha kwanza ni The African and the Cinema, cha L. A. Notcutt na G. C. Latham, kilichotolewa mwaka 1937. Chasimulia jaribio lililofanywa tangu 1935 hadi 1937 kutoka Vugiri, Usambara, ambako zilitengenezwa picha za mafundisho kwa Waafrika wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Picha hizo zilisemeshwa kwa sahani za santuri, katika Kiswahili na lugha nyingine kadha za Kiafrika. Kwa jambo hilo waandishi wastahili sifa, kwani walitambua kwamba picha pekee haitoshi. Lakini santuri haiwezi kuulizwa swali, wala haimngojei mzee aliye nyuma. Juu ya hayo, waandishi walishikilia kwamba watu wa mashamba hawawezi kupambanua kweli na uongo katika picha. Hivyo upungufu wa chombo ukageuzwa kuwa upungufu wa akili ya mtazamaji.

Kosa hilo lilidumu. Mwaka 1962 Marshall McLuhan, katika The Gutenberg Galaxy, alieneza kisa cha John Wilson, aliyewaonyesha Waafrika wapatao thelathini picha ya kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Kisa hicho kimetumiwa kuwa ushahidi kwamba asiyejua kusoma hajui kutazama. Lakini Wilson mwenyewe alikiri kwamba wenye picha hawakujua kuwa kuku yumo, mpaka walipoikagua hatua kwa hatua wakamwona akipita kwa sekunde moja hivi. Ni nani basi aliyetazama, na ni nani asiyeona? Mfugaji yeyote wa Mpwapwa au Kongwa angeliweza kulijibu swali hilo.

Tatizo la kweli lilikuwa la lugha. Kamati ya kusanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930, miaka mitano tu kabla ya jaribio la Vugiri. Lakini lugha ya nyumbani ya Ugogo ni Kigogo, na maneno ya pwani hayafiki huko pamoja na maana zake zote. Muhogo Mchungu ni jina la picha ya Kiswahili ya miaka ya 1950, ambayo Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza ndani yake. Jina hilo likitajwa mbele ya watu ambao chakula chao ni ugali wa mtama na uwele, lahitaji mtu wa kulifafanua. Kuhamisha maneno hakutoshi. Mfasiri hana budi kutafuta uchungu ambao wasikilizaji wake wameuonja. Afanyapo hivyo, yeye ni mtunzi wa pili wa picha ile.

Ufundi huo haukufa pamoja na magari ya serikali. Katika vibanda vya video vya siku za karibuni, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili, na watu walilipa ili kumsikia yeye. Wataalamu wameuona ufundi huo kuwa jambo linalostahili kuchunguzwa. Haki hiyo hiyo wanastahili waliosimama kando ya kitambaa usiku, katika vumbi la Ugogo.

Makumbusho huhifadhi mikanda, nayo ni kazi njema. Lakini maneno ya mfasiri hayakuandikwa juu ya mkanda. Yamo vichwani mwa wazee waliomsikia, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Atakayeandika historia ya sinema ya uwanda huu yampasa kuanza kwao, tena kwa Kigogo, kabla ya kufungua makabati ya London.