Heko kwa Wahunzi wa Kissi

Kusini-mashariki mwa Guinea ni nchi ya vilima, misitu na mvua zisizo na mzaha, na mlima Nimba, wenye mita 1,752, umekaa mpakani na Liberia na Ivory Coast. Mji mkubwa wa eneo hilo ni Nzérékoré. Wakissi, Waloma na Wakpelle wa huko ni wakulima hodari wa mpunga, lakini pongezi hizi ni za wahunzi wao.

Hao walifua pesa.

Mhunzi alipasha moto ufito mwembamba wa chuma hadi ukaiva, kisha akausokota kama kamba. Ncha moja aliifua iwe mfano wa herufi T, nyingine akaiponda iwe bapa kama kijembe. Kusokota hakukuwa urembo mtupu: chuma kibovu hukatika kikisokotwa, kwa hiyo mpokeaji aliona ubora kwa macho. Noti gani ya benki inajieleza hivyo?

Fedha hiyo, iliyojulikana kama guinzé, ilinunua bidhaa sokoni na kulipa mahari. Ikivunjika, watu walisema roho yake imetoka, nayo haikupokelewa tena mpaka iungwe na kufanyiwa tambiko.

Faranga za wakoloni Wafaransa hazikuifuta mara moja. Iliendelea kuzunguka hadi ndani ya karne ya 20. Leo vipande vyake vimehifadhiwa hata British Museum, London, ingawa majina ya waliovifua hayakuandikwa. Heshima hiyo bado wanaidai.